Nabahani: Jina la Ukoo na Maisha ya Sultani Ahmad Simba wa Witu

Utangulizi

Msafiri anayetoka Garsen kuelekea Lamu huvuka Mto Tana, akaipita nchi tambarare ya malisho na mashamba, na kabla ya kufika Mokowe hupitia mji mdogo wa Witu. Aghalabu gari husimama hapo kwa muda mfupi, abiria wakashuka kunyoosha miguu na kununua matunda, kisha safari ikaendelea. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kwamba mji huo uliwahi kuwa makao ya sultani, na kwamba katika miaka ya 1880 habari zake zilijadiliwa Unguja, Berlin na London.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanzilishi wa usultani huo, Ahmad bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba. Hata hivyo, nia yetu si kuorodhesha vita na mikataba tu. Tutayaangalia maisha yake kupitia jina la ukoo wake, yaani Nabahani: lilitoka wapi, lilimfaa nini alipokuwa hai, na lilikuwaje baada yake. Swali linalotuongoza ni hili: mtu akipoteza kisiwa chake, mji wake na hazina yake, akabakiwa na jina la ukoo pekee, jina hilo huweza kumjengea nini?

Majina ya Ukoo: Ulaya na Uswahilini

Ni vyema tuanze kwa kulinganisha. Nchini Ufaransa, majina ya ukoo yalianza kurithiwa katika enzi za kati. Mengi yalitokana na kazi, mahali, umbo la mtu au jina la baba. Mwaka 1539 Mfalme Francis wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts iliyowataka makasisi wawe na daftari za ubatizo, na mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, ikapitishwa sheria ya kumkataza mwananchi kutumia jina lingine lisilokuwa lile lililoandikwa katika hati yake ya kuzaliwa. Kwa hivyo, jina la ukoo la Mfaransa lilifungwa na serikali na kuhifadhiwa katika daftari.

Katika upwa wa Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Mtu alitambulishwa kwa jina lake, akafuatishiwa neno bin au binti na jina la baba, kisha la babu, na mwishoni pengine ikatajwa nisba ya ukoo. Hapakuwa na karani wa serikali wa kulilinda jina hilo. Lililindwa na wazee waliokariri nasaba, na washairi waliowasifu watawala. Lilikuwa, kwa maneno mengine, amana ya ndimi na kumbukumbu za watu. Jina la namna hii lina nguvu maadamu wapo wanaolikumbuka na wanaolikubali. Wakikosekana hao, hakuna daftari la kulithibitisha.

Asili ya Jina Nabahani

Nabahani ni nisba inayotokana na Banu Nabhan, ukoo wa Kiarabu uliotawala sehemu za bara za Omani kwa vipindi mbalimbali tangu katikati ya karne ya 12 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Mji wa Bahla, ambao ngome yake bado ipo, ulikuwa mojawapo ya makao yao makuu. Utawala wao ulikoma pale Wayaarubi waliposhika hatamu mnamo 1624. Kiisimu, jina hili lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa macho na kuzindukana. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuupata mzizi huo, kwa kuwa ndio uliotupa kitenzi tanabahi, yaani kupata fahamu baada ya kughafilika.

Habari za Pate, kama zilivyohifadhiwa na ukoo wenyewe, zinasimulia kwamba Suleiman bin Suleiman wa ukoo wa Nabhan alifika Pate mwanzoni mwa karne ya 13, akamwoa binti wa mtawala wa mji, na kwa ndoa hiyo akapata ufalme. Tukizingatia masimulizi hayo, tutaona kwamba jina lilitoka upande wa mume ilhali haki ya kutawala ilitoka upande wa mke. Mgeni alileta nasaba, wenyeji wakatoa nchi.

Wataalamu wameyatilia shaka baadhi ya mambo haya. Neville Chittick, baada ya uchimbaji wake wa kiakiolojia, aliandika mwaka 1969 kwamba orodha ya watawala wa Pate haiwezi kukubaliwa jinsi ilivyo, na kwamba ukoo wa Nabahani ulishika madaraka karne nyingi baadaye kuliko inavyodaiwa. Mjadala huo ni mrefu. Kwa madhumuni ya makala haya, inatosha kusema kwamba kufikia karne ya 18 jina Nabahani lilikuwa jina la utawala wa Pate pasi na ubishi. Katika kipindi hicho ndipo Bwana Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka, mnamo 1728, kwa ajili ya mtawala wa ukoo huo. Fasihi andishi ya Kiswahili na jina hili zimekuwa jirani tangu zamani.

Fauka ya nisba, majina ya watawala hawa yana tabaka nyingine. Wengi waliitwa Fumo: Fumo Madi, Fumo Luti, Fumo Bakari. Neno fumo, kwa maana ya mtawala, ni la Kibantu, na lina ndugu zake katika lugha nyingine. Wachewa, kwa mfano, humwita chifu mfumu. Wasomaji wetu wanalifahamu kutokana na Fumo Liyongo, shujaa ambaye visa vyake vinahusishwa na nchi hii hii ya Ozi na maingilio ya Tana. Luti ni jina la Nabii Lutwi, na Bakari ni la Abubakar. Kwa hiyo jina kama Fumo Luti Nabahani lina cheo cha Kibantu, jina la mtume, na nisba ya Omani. Hakuna sehemu moja kati ya hizo inayoweza kuondolewa bila ya kulipunguzia jina maana yake. Lugha ya Kiswahili yenyewe imeumbika kwa namna iyo hiyo.

Kutoka Pate hadi Kau

Ahmad alikuwa mwana wa Fumo Luti, mmoja wa watawala wa Pate wa mwanzo wa karne ya 19. Alizaliwa katika nyumba ya kifalme, lakini ufalme wenyewe ulikuwa umeanza kuporomoka. Yapata mwaka 1812, jeshi la Pate likishirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu, kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani. Tangu hapo mkono wa Wabusaidi ukawa mrefu katika visiwa vya kaskazini. Ni katika mazingira ya namna hii ambapo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya nyumba za Pate na kuikanya nafsi yake.

Mizozo ya urithi ndani ya ukoo iliongeza udhaifu huo. Matawi ya ukoo yaligombania kiti, na kila upande ulitafuta msaada nje, mara Mombasa, mara Siyu, mara Unguja. Siyu, chini ya Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona binti Msham, iliyapinga majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840 na kuyatia hasara kubwa. Hata hivyo, upinzani wa aina hii haukudumu. Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid aliendeleza juhudi za kuvitia visiwa hivyo mkononi mwake.

Ahmad alikataa kuwa mtawala kwa hisani ya Unguja. Alipoona kwamba kisiwani hapakaliki, alivuka kwenda bara. Kituo chake kimojawapo kilikuwa Kau, mji ulio kando ya Mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Sehemu hizo leo zimo katika eneobunge la Garsen. Hapo palikuwa na maji, na kilimo cha mpunga, na njia ya biashara. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono ya watu, uliunganisha Tana na Ozi, na mitumbwi ikaweza kushusha mazao na pembe za ndovu kutoka juu ya mto hadi Kipini na baharini. Lakini Kau ilifikika kwa urahisi mno kwa aliyekuja na vyombo. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1860, Ahmad alikuwa amekwisha kujiimarisha ndani zaidi, penye msitu mzito, mahali paitwapo Witu.

Witu na Watu Wasiokuwa na Nasaba

Mji wa Witu ulizungushiwa boma la miti, na njia za kuingilia zilipita katika kichaka kisichopenyeka kwa wepesi. Msitu ulimlinda Ahmad kuliko ukuta wowote wa mawe aliouacha Pate. Majeshi ya Unguja yalitumwa dhidi yake zaidi ya mara moja, na hayakufaulu kumng'oa. Yamkini ndiyo sababu lakabu ya Simba ilimkaa vyema.

Je, alimtawala nani huko? Hapa ndipo kisa chake kinapopata uzito. Baadhi ya jamaa zake na wafuasi kutoka Pate na Siyu walimfuata. Lakini sehemu kubwa ya watu wa Witu na vijiji vilivyoizunguka walikuwa watoro, yaani watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya Lamu, Malindi, Mambrui na kwingineko. Katika miaka hiyo mashamba ya pwani yalikuwa yakipanuka, na utumwa ukazidi kuwa mkali. Mtu aliyeweza kufika Witu alipata kipande cha ardhi na silaha. Pamoja na hao walikuwapo Waboni wa msituni na Wapokomo wa kando ya mto, na mahusiano ya biashara na uhasama pamoja na Waoromo na Wasomali.

Tukumbuke jinsi mtumwa alivyoitwa pwani. Mara nyingi aliitwa Mabruki, au Baraka, au Juma, jina alilopewa na mwenyewe, na mahali pa jina la baba palijazwa na jina la bwana wake. Nasaba yake ilikatwa siku alipotekwa. Mtoro alipoingia Witu, hakuwa na orodha ya mababu wa kuitaja mbele ya watu. Aliyemkaribisha, kinyume chake, hakuwa na kitu kikubwa zaidi ya orodha hiyo. Mwenye jina alihitaji watu, na watu wasiokuwa na jina walihitaji pa kukimbilia. Usultani wa Witu ulisimama juu ya makubaliano hayo.

Hatuna budi kuonya kwamba Witu haikuwa nchi ya uhuru kamili. Watu wake walivamia mashamba ya jirani, wakachukua mali na watu, na utumwa ulikuwapo ndani ya himaya yenyewe. Ahmad hakuwa mkombozi aliyepinga utumwa kwa msimamo wa kimaadili. Alikuwa mtawala aliyefukuzwa, aliyehitaji mikono ya kulima na ya kushika bunduki. Walakini, kwa mtu aliyekuwa akikimbia mjeledi, tofauti kati ya Witu na shamba la Malindi ilikuwa kubwa vya kutosha kumfanya ahatarishe maisha yake msituni.

Mkataba wa 1885

Ahmad alitambua mapema kwamba hangeweza kupambana na Unguja peke yake milele. Mwaka 1867, msafiri Mjerumani aitwaye Richard Brenner alipofika Witu, Ahmad alimweleza haja yake ya kupata ulinzi wa Prussia. Ombi hilo halikuzaa matunda wakati huo. Mnamo 1878, ndugu Clemens na Gustav Denhardt, pamoja na daktari Gustav Fischer, walisafiri katika Mto Tana na kuifahamu nchi. Akina Denhardt waliporejea miaka ya 1880, hali ilikuwa imebadilika: Ujerumani sasa ilikuwa ikitafuta makoloni.

Tarehe 8 Aprili 1885, Ahmad alitia mkataba na Clemens Denhardt, akampa sehemu ya ardhi. Tarehe 27 Mei mwaka huo huo, Ujerumani ikatangaza kwamba Witu imo chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja alipinga na kuanza kutuma askari, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, naye akalazimika kuridhia. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Novemba 1886 ukautambua mwambao wa Witu, kuanzia Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa Ghuba ya Manda.

Msomaji atajiuliza ni kitu gani hasa Denhardt alichokipata kwa Ahmad. Ardhi ilikuwako, bila shaka. Lakini ardhi bila ya mwenye haki ya kuitoa si mali mbele ya dola nyingine. Wajerumani walihitaji mtu wa kuwaambia Waingereza na Barghash kwamba huyu ni mtawala halali, mrithi wa ukoo uliotawala kabla ya Wabusaidi kufika. Jina Nabahani ndilo lililoubeba mzigo huo. Nasaba iliyokaririwa na wazee kwa karne kadhaa ikageuka hoja ya kisheria katika barua za mabalozi. Akina Denhardt hata waliita nchi ya Ahmad kwa jina la Kijerumani lenye maana ya nchi ya Waswahili.

Kwa upande wake, Ahmad alipata alichokitaka: Unguja haikuweza tena kumshambulia. Lakini kisiwa cha Pate hakikumrudia. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1889, akiwa mzee, katika mji wa msituni alioujenga mwenyewe.

Moto wa 1890

Aliyemrithi alikuwa Fumo Bakari, wa ukoo huo huo. Haukupita muda akagundua udhaifu wa ulinzi wa Wazungu. Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba ambao, pamoja na mambo mengine, uliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nayo Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu. Watu wa Witu hawakuulizwa. Mwezi wa Septemba, Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, na wenziwe kadhaa waliuawa Witu baada ya ugomvi. Uingereza ikaleta jeshi likiongozwa na Admirali Fremantle, na tarehe 27 Oktoba 1890 mji wa Witu ulitekwa na kuteketezwa kwa moto. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka 1891. Fumo Omari aliendeleza upinzani kutoka Jongeni hadi ngome za msituni zilipovunjwa mwaka 1893. Usultani uliosalia chini ya uangalizi wa Waingereza ulikoma mwaka 1923.

Kuna hasara moja katika moto huo ambayo wanafunzi wa fasihi wanapaswa kuizingatia. Inasemekana kwamba kitabu cha asili cha habari za Pate, kile kilichohifadhi nasaba ya Wanabahani, kilikuwa Witu na kikapotea katika mashambulizi ya 1890. Nakala tunazozisoma leo ziliandikwa baadaye. Mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi ni simulizi ya Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyeitwa Bwana Kitini, ambayo C. H. Stigand aliitumia katika kitabu chake cha 1913. Alice Werner naye alichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri miaka miwili hivi baadaye.

Jambo hili lina uzito katika mjadala wa asili ya jina. Watafiti wengi wameisoma habari ya Suleiman bin Suleiman wakiuliza kama ni kweli au si kweli. Ni swali halali. Lakini ni muhimu pia kuuliza ilisimuliwa lini na nani, katika umbo hili tulilonalo. Ilisimuliwa na mtu wa ukoo uliokuwa umepoteza Pate, ukapoteza Witu, na ukapoteza kitabu. Msikilizaji wake alikuwa afisa wa serikali iliyouchoma mji. Mtu katika hali hiyo hakosi sababu ya kuanza masimulizi yake mbali, Omani, kwa wafalme waliotawala kabla ya wote waliomshinda. Kusema hivi si kudai kwamba Bwana Kitini alibuni. Ni kutanabahi kwamba nasaba, kama utendi, huwa na msimulizi, hadhira na wakati wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Ahmad Simba hayawezi kutenganishwa na jina lake la ukoo. Alipoondoka Pate alibeba jina, na kwa jina hilo aliwakusanya watu, akaizuia Unguja, na akaingia katika mikataba na dola kubwa. Jina lilimjengea nchi. Halikuweza kuilinda nchi hiyo mara tu wenye manowari walipobadilishana visiwa.

Jina lenyewe halikufa. Lilirudi lilikokuwa tangu mwanzo, yaani katika lugha. Wasomaji wetu wanamfahamu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo na mtaalamu aliyefufua na kuunda msamiati, likiwemo neno runinga. Katika maisha ya sasa ya Kiswahili, Nabahani ni jina la mshairi zaidi ya kuwa jina la sultani.

Bali kuna upande wa pili, nao ndio unaotudai. Watoro waliojenga boma la Witu, wakalima mashamba yake na kufa wakilitetea, hawana ukurasa katika habari za Pate. Orodha ya watawala inamtaja baba na babu wa kila Fumo, na hawa hawakuachiwa hata jina moja. Iwapo jina la ukoo la Nabahani liliokolewa na kumbukumbu ya mzee mmoja baada ya kitabu kuungua, basi yawezekana kumbukumbu nyingine bado zipo katika vijiji kati ya Garsen, Kau, Kipini na Witu, katika nyimbo, majina ya mashamba na masimulizi ya familia ambazo hazikuwahi kuwa na nisba. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka pande hizo wanao wajibu wa kwanza wa kwenda kuwasikiliza wazee hao wangali hai, na kuandika wanayoyasikia pamoja na jina la kila aliyeyasema.